Vanila ya Nyar Mfangano

Kila asubuhi Lynnet hukaanga mandazi. Saa moja huwa ameyapanga kwenye beseni na kuyapeleka soko la Kosele. Mumewe, Nicanor, ni mwashi. Huchonga mawe na kujenga nyumba za watu, na mikono yake imekuwa migumu kama mawe yenyewe. Binti yao, Liz, yuko shule ya bweni. Kwa hiyo siku nyingi nyumbani huwa wawili tu.

Zamani walikuwa watatu. Ukiingia bomani kwao, nyumba ya kwanza karibu na lango ni ya Nicanor. Ile ya ndani, inayotazama lango, ilikuwa ya mama yake, Filister. Filister alizaliwa kisiwa cha Mfangano, akaolewa Kosele akiwa msichana. Wanawake wa Kosele walimwita Nyar Mfangano, yaani binti wa Mfangano, na jina hilo halikumtoka mpaka alipozeeka.

Alikipenda kisiwa chake. Mvua ikinyesha Kosele, alisema mvua ya Mfangano ina sauti nyingine, kwa sababu inapiga maji kabla ya kupiga ardhi. Akipewa samaki, alimgeuza huku na huku na kuuliza amelala siku ngapi. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao. Lakini aliendelea kusimulia.

Miaka sita iliyopita, Filister alikwenda Mfangano kumzika kaka yake. Aliporudi alibeba kipande cha shina la kijani, kirefu kama mkono, kimefungwa kwa maganda mabichi ya mgomba. Alisema kuna shamba la viungo limefunguliwa karibu na kwao. Alikuwa ameingia kulitazama, na watu wa shamba wakampa shina hilo. Waliliita vanila. Walimwambia alipande chini ya mti wenye kivuli chepesi. Walimwambia pia kwamba likitoa maua arudi, wamwonyeshe kazi yake.

Filister alilipanda nyuma ya nyumba yake, penye mti wa siala. Alilizungushia majani makavu na kulimwagia maji wakati wa kiangazi. Mmea ukashika mti na kupanda juu. Mwaka wa nne, mwezi wa pili, ukatoa maua. Yalikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Yalifunguka alfajiri, na mchana yakanyauka. Siku ya pili au ya tatu yakaanguka.

Filister alimwita mwanawe.

"Nicanor, maua yametoka, na yanaanguka bure," alisema. "Nipeleke Mfangano nikaulize."

Magoti ya Filister yalikuwa yanamuuma, kwa hiyo hangeweza kusafiri peke yake. Nicanor alikuwa na kazi kubwa ya kujenga duka kule Oyugis. Alimwambia mama yake kwamba watakwenda mwezi ujao. Mwezi huo ulipofika, duka lilikuwa halijapauliwa. Akasema tena mwezi ujao. Mwezi wa nne Filister aliugua kwa siku kumi, kisha akafariki.

Tangu siku hiyo Nicanor hakupenda kupita nyuma ya ile nyumba.

*

Mwaka uliofuata maua yalitoka, yakaanguka. Majirani walianza kusema mmea unamlilia mwenyewe. Wengine walisema mmea wa marehemu hauzai mpaka ufanyiwe jambo. Lynnet alisikia maneno hayo sokoni, akayaacha hukohuko.

Mwaka huu maua yalipotoka tena, Nicanor alichukua shoka. Alisema anahitaji nguzo za banda la ng'ombe, na mti wa siala umenyooka vizuri.

Lynnet aliacha beseni lake akamfuata.

"Na ile vanila?" aliuliza.

"Vanila gani? Miaka mitatu inatoa maua, hakuna hata tunda moja."

"Mama aliambiwa kuna kazi ya kufanya. Sisi hatujaifanya."

"Basi ni kazi yake, na ameenda nayo."

Lynnet alimtazama mumewe. Aliona kwamba si nguzo anazozitafuta. Maua yakitoka, Nicanor alikuwa anakumbuka. Alitaka tu kuacha kukumbuka.

"Nipe wiki moja," alisema Lynnet. "Wiki ikiisha, kata. Mimi mwenyewe nitakushikia mti."

Nicanor aliegemeza shoka ukutani, akaenda kazini bila kunywa chai.

Lynnet alikuwa na namba ya simu ya Turfena, mdogo wake Filister, ambaye bado anaishi Mfangano. Alimpigia, akamweleza yote. Turfena alimwambia asikate simu. Alitembea na simu mkononi mpaka kwenye lile shamba la viungo, akampa msimamizi. Lynnet alisikia sauti ya mwanamke mwingine. Hakuwa Mjaluo, na aliongea Kiswahili cha watu wa mpakani. Alisema anaitwa Mellen, ni Mkuria wa Ntimaru, na amefanya kazi na vanila miaka tisa.

"Maua yameanza lini?" Mellen aliuliza.

"Siku nne zimepita."

"Kwenye vichala kuna machipukizi bado?"

"Mengi. Sijayahesabu."

"Sawa. Mko na karibu wiki nne. Lakini kila siku inaenda na maua yake. Kujeni. Hii kazi siwezi kukufundisha kwa simu, lazima mkono uone."

Jioni Lynnet alimweleza Nicanor. Alikataa. Alisema ana mawe ya kuchonga. Kisha akasema nauli ni nyingi. Mwisho akasema neno la kweli.

"Sina uso wa kwenda huko, Mama Liz. Wataniuliza kwa nini sikumleta."

"Waache waulize," alisema Lynnet. "Twende tukajibu."

*

Waliondoka siku ya Alhamisi. Walipitia Rangwe, nyumbani kwa kina Lynnet, wakawaachia wazazi wake mandazi, kisha wakaendelea Homa Bay na Mbita. Huko Mbita walipanda boti ya abiria. Nicanor alikuwa hajafika Mfangano tangu akiwa mtoto. Kisiwa kilipokaribia, aliona kilima chenye miti juu, na mawe makubwa yakishuka mpaka majini. Alivijua vitu hivyo kwa masikio zaidi ya macho. Mama yake alikuwa amevisema mara nyingi sana.

Turfena aliwapokea bandarini. Nicanor alishtuka kidogo. Mama yake mdogo alitembea kama Filister, bega moja likiwa chini kidogo ya jingine. Hata kukohoa alikohoa kama yeye. Aliwapa samaki na kuon, ugali mzito wa mtama, na akamuuliza Nicanor habari za Liz, za ng'ombe na za mvua. Hakuuliza lile jambo ambalo Nicanor aliliogopa.

Asubuhi waliamka mapema, kwa sababu Mellen alisema wafike jua linapochomoza. Turfena aliwasindikiza. Shamba lilikuwa kwenye mteremko, na umande ulikuwa bado kwenye majani. Mellen alikuwa akiwangoja mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa buti za mvua na kofia ya kushonwa. Shingoni alikuwa amening'iniza kijiti kidogo kwa uzi.

"Karibuni," alisema. "Tutapita haraka. Maua ya vanila haingoji mtu."

Njiani aliwaonyesha vitu vingine. Alichuna jani la mdalasini, akalisugua, akampa Lynnet anuse. Alipindua majani marefu ya iliki na kuwaonyesha kwamba iliki haizai juu, inazaa chini kabisa, karibu na udongo. Walipita kwenye pilipili manga iliyopanda mti kama maharagwe. Kulikuwa na tangawizi, manjano na mchaichai. Kwenye kona moja palikuwa na mti mmoja mdogo uliodumaa.

"Huo ni karafuu," Mellen alisema. "Umenishinda. Miaka saba na haujafika kiunoni. Si kila kitu kinakubali kila mahali."

Turfena alikuwa amesimama karibu na iliki, akitazama chini.

"Hapa palikuwa shamba la mtama la mama yetu," alimwambia Nicanor. "Mimi na Filister tulikuwa tunakaa hapa kufukuza ndege. Palikuwa na kichuguu, pale penye bomba la maji. Yeye alikaa juu yake na kupiga debe. Mimi nilikimbia. Alikuwa mkubwa, kwa hiyo alichagua kazi ya kukaa."

Nicanor alitazama pale penye bomba. Kichuguu hakikuwapo tena. Lakini alimwona msichana na debe. Alikuwa amezoea kumjua mama yake kama mama tu. Hakuwahi kumfikiria akiwa mtoto mvivu mwenye debe, ameketi juu ya kichuguu.

*

Vanila ilikuwa upande wa chini, kwenye mistari. Kila mmea ulipanda mti mfupi, kisha ukarudishwa chini, ukapandishwa tena, ukawa kama kamba iliyotundikwa. Maua yalikuwa wazi kila mahali.

Mellen aliwaeleza polepole. Alisema ua la vanila lina sehemu ya kiume na ya kike, zote ndani ya ua moja. Sehemu ya kiume ina unga unaoitwa chavua. Chavua ikigusa sehemu ya kike, tunda linaanza. Lakini katikati yake kuna utando mdogo kama ulimi, na huo utando unazuia. Alisema vanila imetoka nchi za mbali, ng'ambo ya bahari, na huko wapo nyuki wa kwao wanaoweza kuingia ndani ya ua hilo. Nyuki wa kwetu hawaijui kazi hiyo. Kwa hiyo ni lazima mtu aifanye kwa mkono.

"Kwa hiyo haikuwa inalia?" Lynnet aliuliza.

"Kulia nini?"

Lynnet alimweleza maneno ya majirani. Mellen hakucheka.

"Hata kwetu Ntimaru wangesema hivyo," alisema. "Mtu akikosa sababu, anatafuta ya karibu. Lakini hii mmea haina shida yoyote, mama. Inangoja mkono tu."

Kisha akawaonyesha. Alishika ua kwa mkono wa kushoto. Kwa kile kijiti cha shingoni alipasua kidogo ubavu wa ua, ili ndani paonekane. Akauinua ule utando kwa ncha ya kijiti. Halafu kwa kidole gumba akaibonyeza chavua iguse sehemu ya kike. Akaachilia, akasogea kwenye ua lingine.

"Imeisha," alisema.

Lynnet alijaribu. La kwanza lilichanika. La pili aliliweza, na Mellen akatikisa kichwa kwa kuridhika. Zamu ya Nicanor ilipofika, vidole vyake vilikuwa vinene na vigumu. Alichana ua la kwanza, la pili na la tatu. Mellen alimwambia asishike kama anashika jiwe, ashike kama anashika jicho la mtoto lililoingia takataka. Ua la nne lilikubali.

Nicanor alilitazama ua hilo kwa muda.

"Kujifunza hii," aliuliza, "mtu anahitaji siku ngapi?"

"Siku? Wewe umejifunza sasa hivi. Dakika mbili, tatu."

Nicanor alirudisha kijiti. Alisema samahani, akapanda mteremko mpaka kwenye iliki, akasimama huko amewapa mgongo. Lynnet alitaka kumfuata, lakini Turfena alimshika mkono. Akaenda yeye mwenyewe.

Alimkuta mwana wa dada yake anafuta uso kwa mkono wa shati.

"Dakika mbili, mama," alisema Nicanor. "Nilimnyima dakika mbili. Alikuwa na hasira nami?"

Turfena alimsogelea.

"Alikusubiri. Sitakudanganya. Kila alipopiga simu aliniambia anakuja mwezi ujao. Lakini hasira hakuwa nayo. Aliniambia unajenga duka refu kuliko yote Oyugis. Alinieleza mpaka idadi ya milango."

Hapo Nicanor alilia, bila kujificha. Turfena alisimama karibu naye na kumwacha alie. Alipomaliza walishuka pamoja. Mellen alimpa tena kijiti.

"Endelea," alisema. "Bado hujajua ni ngapi za kuacha."

Akawafundisha sehemu iliyobaki. Alisema wasifanye maua yote. Kila kichala kina maua kama ishirini, lakini yanafunguka moja au mawili kwa siku. Yakitosha manane au kumi, mengine yaachwe yaanguke. Mmea ukibeba matunda mengi mno unachoka, na mwaka unaofuata hautoi kitu. Wachague maua ya upande wa chini, ili matunda yaning'inie yakiwa yamenyooka. Kazi ianze asubuhi na mapema, na ikiwezekana iishe kabla ya saa nne. Ua likinyauka, siku yake imekwisha.

"Tutajuaje kama limeshika?" Lynnet aliuliza.

"Lililoshika linanyauka lakini halianguki. Ukipita baada ya siku tatu, liguse. Likibaki mahali pake, hilo ni tunda."

Mellen aliwauliza pia kuhusu mti wao. Walipomwambia ni siala mrefu na vanila imeupanda hadi juu, alisema wasiukate. Waupunguze matawi machache tu, ili mwanga uingie nusu na kivuli kibaki nusu. Shina la vanila walishushe taratibu, lipite chini, wafukie sehemu yake kidogo kwa majani makavu, kisha lipande tena. Mmea ukikimbilia juu tu unasahau kutoa maua, na hata ukitoa mtu hafiki.

Kwa ada ya mafunzo, Mellen aliomba kitu kimoja. Alitaka Nicanor amtazamie ukuta wa ghala, ambao ulikuwa umepasuka. Nicanor aliutazama, akachanganya saruji, na kufikia saa nane alikuwa ameuziba.

*

Walipaswa kurudi mchana huo. Lakini kabla ya kufunga mizigo Nicanor alimwomba Turfena waende naye Kosele, akaone kaburi la dada yake. Siku ya mazishi Turfena alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri.

Turfena alisema ana kuku. Alisema pia boti humpa kizunguzungu. Labda baadaye, mvua zikiisha.

"Hapana, mama," alisema Nicanor. "Mimi nitakaa hapa mpaka upate mtu wa kuku."

Lynnet alimtazama mumewe. Kulikuwa na mawe yanamngoja Kosele, na mwenye mawe alikuwa amepiga simu mara mbili. Nicanor alimweleza ukweli mtu yule, akaomba siku moja zaidi. Jirani mmoja alikubali kuangalia kuku. Jumamosi wakasafiri wote watatu. Turfena alifunga kichwa kwa leso na kufumba macho mpaka Mbita.

Turfena alikaa Kosele wiki mbili. Siku ya kwanza aliketi kando ya kaburi peke yake, mpaka jua lilipokuwa kali. Baada ya hapo alilala katika nyumba ya Filister, ambayo ilikuwa haijalaliwa muda mrefu. Alifungua madirisha. Alianika magodoro. Jioni aliwasimulia habari za utotoni, na Lynnet alimrekodi kwa simu ili Liz azisikie akifunga shule.

Kila alfajiri Nicanor alikwenda nyuma ya nyumba na kijiti chake. Alikuwa amekichonga mwenyewe kutoka kwa mwiba wa mlimau, akaisugua ncha isiwe kali. Lynnet alifanya upande mmoja kabla ya kubeba mandazi, yeye akafanya upande mwingine kabla ya kwenda kwenye mawe. Vidole vyake vilianza kuwa vyepesi. Turfena naye alijaribu. Maua mawili yalimkubali.

Siku ya nne Nicanor aliligusa ua la kwanza. Lilikuwa limenyauka, limekuwa kama karatasi. Halikuanguka. Nyuma yake kishina kilikuwa kimeanza kurefuka. Nicanor alimwita Lynnet, na Lynnet akaja na unga mikononi. Walisimama wakikitazama kishina kile, kidogo kama msumari.

Majirani walikuja kuona. Yule aliyesema mmea unamlilia mwenyewe alikuja pia. Lynnet hakumkumbusha maneno yake. Alimshika mkono na kumwonyesha utando.

*

Matunda ya vanila hayana haraka. Yalirefuka kwa wiki sita, yakafika urefu wa kiganja na zaidi, kisha yakasimama. Yalikaa ya kijani mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa saba mchuuzi mmoja alipita Kosele akataka kuyanunua hivyohivyo. Nicanor alimpigia Mellen simu. Mellen alisema wasiuze, kwa maana vanila iliyochumwa mbichi haina harufu, na mnunuzi aliyedanganywa mara moja harudi. Wangoje miezi tisa. Ncha ya tunda ikianza kuwa ya manjano, siku hiyo wachume hilo moja na kuyaacha mengine.

Mwezi wa kumi na moja ncha zikageuka. Mellen alikuwa akisafiri kwenda kwao Ntimaru kumwona baba yake. Aliacha njia yake, akafika Kosele, akalala siku mbili ili awaonyeshe namna ya kuyatayarisha. Alikuja na kipimajoto. Aliwaambia wayatumbukize matunda kwenye maji ya nyuzi sitini na tano kwa dakika tatu, na maji yasichemke. Kisha wayafunge kwenye blanketi yakiwa ya moto, wayaweke ndani ya sanduku mpaka kesho yake. Yalitoka yakiwa na rangi ya kahawia. Baada ya hapo kila siku yaanikwe juani juu ya blanketi kwa saa moja au mbili, yafungwe tena yakiwa na joto. Wiki mbili zikiisha, yawekwe kivulini kwenye kichanja, na yageuzwe kila siku.

"Ukiona ukungu mweupe, toa hilo tunda haraka, lisiambukize mengine," Mellen alisema. "Na usichoke. Hapa ndipo watu wengi wanachoka."

Lynnet hakuchoka. Alitoa matunda manane yaliyoshika ukungu, akayachoma. Mengine yalikuwa meusi, laini, yenye kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Nyumba ya Filister, ambamo kichanja kiliwekwa, ilijaa harufu tamu. Watoto waliotoka shule walisimama langoni na kuuliza kunapikwa nini. Lynnet alitia tunda moja ndani ya sukari ya mandazi, na siku hiyo beseni lilirudi tupu kabla ya saa tatu. Mwoka keki mmoja wa Homa Bay mjini alisikia, akaja kununua. Alisema mwaka ujao amwekee zaidi.

Mwezi wa pili ulipofika tena, maua mapya yalikuwa yanafunguka, na nyumba tano za jirani zilikuwa zimepanda vipande vya shina la Filister. Lynnet aliwapitia kila Jumapili kuona wameweka majani makavu. Na asubuhi moja alimwambia Nicanor kwamba maua ya siku mbili hizi atayafanya yeye na majirani, na kwamba apande boti.

Nicanor alimpelekea Turfena matunda kumi ndani ya kopo la bati. Kwanza alipita shambani. Mellen alichukua moja, akalikunja kwenye kidole, akalinusa.

"Hili limekaushwa vizuri," alisema. Kutoka kwa Mellen hayo yalikuwa maneno mengi.

Turfena alikuwa ameketi mlangoni akipembua mtama. Nicanor alifungua kopo na kuliweka mapajani pake. Mama yake mdogo aliinamisha uso, akanusa. Akanusa tena, macho ameyafumba.

"Kumbe ndiyo hii alikuwa anaisubiri," alisema.

"Ndiyo hii."

"Hakuwahi kuinusa?"

"Hakuwahi, mama."

Turfena alifunika kopo, akalishika kwa mikono yote miwili. Kisha akamwonyesha Nicanor kiti cha pili. Akaanza kumsimulia siku ambayo Filister aliolewa na kuvuka maji kwa mara ya kwanza, jinsi alivyobeba mawe mawili ya Mfangano ndani ya sanduku la nguo, na jinsi wakwe zake walivyoshangaa uzito. Nicanor hakuwahi kuisikia habari hiyo. Aliuliza mawe yalikuwa ya rangi gani. Aliuliza mama yake alivaa nini.

Kule chini boti ya mwisho ilipiga honi. Nicanor aliisikia, akavuta kiti karibu.